Nyuzi Zilizopanda kwa Njia ya Migodi

Historia ya muziki wa dansi wa Tanzania kwa kawaida husimuliwa kuanzia pwani. Beni ya Lamu na Mombasa hutangulia na tarumbeta zake, hufuata Tanga na Dar es Salaam za miaka ya 1930, kisha Morogoro, na hadithi huzidi kupanda bara kwa kufuata reli ya kati. Kwa ngoma na tarumbeta, simulizi hiyo inashika. Kwa ala za nyuzi za Nyanda za Juu Kusini, inapwaya. Kijana wa Rungwe au Mbozi wa miaka ya 1940 aliyetamani banjo au gitaa hakuwa na haja ya kuitazama bahari. Alitazama kusini, kwenye migodi, kwa sababu huko ndiko kaka zake walikokuwa, na pesa ya kununulia chombo ilitoka shimoni.

Ramani yenyewe inaeleza. Iyunga, upande wa magharibi wa jiji la Mbeya, imekaa kwenye barabara kuu ya Tunduma, na malori yanayopita hapo usiku na mchana yanaelekea Zambia na Kongo. Uyole, upande wa pili wa jiji, barabara nyingine inachepuka kwenda Tukuyu, Kyela na Malawi. Kabla ya lami, njia hizo zilikuwa za miguu, baadaye zikawa za malori ya waandikishaji wa vibarua. Kwa maoni yangu ndizo zilizotuletea banjo, na baada yake gitaa la bei nafuu lililotengenezwa Durban likiwa na jina la Gallotone. Habari za vyombo hivyo viwili haziachani, kwa hiyo nitazisimulia pamoja.

Kibuyu, ngozi na utumwa: hadi 1850

Ala za nyuzi hazikuwa ngeni milimani kwetu. Wahehe walikuwa na ligombo: ubao uliofukuliwa katikati kama mtumbwi mdogo, uzi mmoja mrefu ukapitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha zake mbili mpaka ukawa nyuzi kadhaa, kisha kibuyu kikaongezwa ili kukuza sauti. Mpigaji alikaa, akasimulia habari za watu na za vita, nyuzi zikimfuata. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa walikuwa na bangwe, ubao uliowambwa nyuzi kwa mtindo wa jirani kabisa. Kwa hiyo banjo lilipofika, lilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea mtu mmoja, ala moja na kisa kirefu.

Lenyewe lilikuwa limetoka Afrika zamani. Huko Senegambia Wajola wanapiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu isiyo na vyuma, na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi. Kucha ya kidole inashuka juu ya uzi mrefu, gumba linadonoa ule mfupi, tena na tena. Daniel Laemouahuma Jatta, Mjola wa Gambia, alipokuwa masomoni Marekani alisikia banjo, akashtuka kuona mkono ule ule anaoujua kwa baba yake. Tangu hapo amefanya kazi kubwa ya kuwashawishi wataalamu kwamba ala hizi mbili ni za ukoo mmoja. Hakuna anayedai kwamba banjo lilitoka kwa Wajola peke yao. Ala za namna hiyo zilikuwa nyingi Afrika Magharibi, na watumwa walizibeba vichwani mwao kwa kuwa mikono ilikuwa na minyororo.

Daktari Hans Sloane, mzaliwa wa Ireland aliyekaa Jamaika kati ya 1687 na 1689, alizichora ala za nyuzi za watumwa katika kitabu alichokichapisha mwaka 1707. Zilikuwa bado za vibuyu. Banjo la kiwandani lilikuja zaidi ya karne moja baadaye, pale Wazungu wa Marekani walipoanza kujipaka masizi usoni na kuwaigiza Waafrika jukwaani ili watu wacheke. Joel Walker Sweeney wa Virginia alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujipatia umaarufu kwa banjo, na mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels likalifanya New York kuwa burudani ya jiji zima. Soko lilipopatikana, mafundi wakajitokeza. William Boucher wa Baltimore, mtengenezaji wa ngoma, aliachana na kibuyu akatumia duara la mbao, akakazia ngozi kwa kulabu za chuma kama alivyofanya kwenye ngoma zake. Mabanjo yake yamehifadhiwa katika makumbusho mpaka leo. Chombo cha watumwa kikawa bidhaa ya katalogi, na wale waliokileta hawakuwa kwenye hesabu ya faida.

Rasi, Kimberley na Rand: 1862–1910

Banjo lilirudi Afrika kwa mlango wa Rasi. Mwaka 1862 kundi la waigizaji wa mtindo huo wa masizi lilifika Cape Town, likapendwa kupita kiasi. Watu wa jiji hilo waliotokana na watumwa wa Kimalei, Kihindi na Kiafrika waliuchukua mchezo ule wakaugeuza wao, na banjo likaingia katika sherehe za mwaka mpya ambazo hufanyika hadi sasa. Kisha, mwaka 1890, Orpheus McAdoo aliwasili na waimbaji wake Wamarekani weusi, watu waliosoma, waliovaa vizuri na kuimba nyimbo za kiroho. Afrika Kusini ya wakati huo haikuwa imewahi kuona Mwafrika akipigiwa makofi namna ile.

Lakini kilichoisambaza ala hii bara ni madini kuliko majukwaa. Almasi ya Kimberley ilianza kuchimbwa kwa wingi karibu mwaka 1870, dhahabu ya Witwatersrand ikafuata 1886. Makumi ya maelfu ya wanaume walikusanywa kutoka kila upande, wakalazwa kwenye kambi, wakalipwa mshahara wa taslimu, na jioni hawakuwa na mke, ng'ombe wala shamba. Duka la karibu na kambi liliuza konsetina, filimbi, kinanda cha mdomo, banjo na gitaa. Hivi ni vyombo ambavyo mtu hubeba mkononi kwenye treni, na hilo ndilo lililovichagua. Piano haikufika vijijini kwa sababu haiingii kwenye behewa la daraja la tatu.

Mwaka 1900 wenye migodi walianzisha chama chao cha kuandikisha vibarua, Witwatersrand Native Labour Association. Kutoka Msumbiji mpaka Nyasaland watu walilifupisha jina hilo kuwa Wenela. Ni neno lililoingia katika lugha zetu bila kuomba ruhusa, na wazee wa Rungwe walilitamka kama mtu anavyotaja mji aliowahi kuishi.

Mbeya kabla haijawa jiji: 1922–1945

Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilianza kuvuta watu mwaka 1922. Mji wa Mbeya ulianzishwa 1927 kuwahudumia wachimbaji hao, na katika miaka ya 1930 Lupa ilikuwa na kishindo chake, yenye Wazungu wenye vitalu vidogo, Wahindi wenye maduka na vibarua kutoka kila kabila la kusini-magharibi. Huo ulikuwa mgodi wa nyumbani. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na habari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Luanshya, Nkana na Mufulira, zilikuwa tamu zaidi.

Wakoloni walizoea kuigawa nguvu kazi ya Nyanda za Juu. Wabena na wengi wa Iringa na Njombe walipelekwa mashariki kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 kazi hiyo ya kuwakusanya ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Hao ndio manamba. Wanyakyusa na Wandali walielekea kusini, wengi kwa hiari yao na kwa miguu yao. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson, aliyeishi Rungwe na mkewe Monica katikati ya miaka ya 1930, alihamia baadaye Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, kuchunguza maisha ya vibarua wa mjini. Alichokikuta huko kilimshangaza: mshahara mwingi ulikwenda kwenye nguo. Suti, kofia, viatu. Mtu alijitambulisha mjini kwa alichokivaa, na chombo cha muziki kilikuwa sehemu ya vazi hilo. Anayerudi kijijini na baiskeli, gramafoni au gitaa hakuhitaji kueleza alikokuwa.

Wenela ilipojitanua hadi Tanganyika katika miaka ya 1940, Tukuyu ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mtu aliandikishwa, akapimwa, akapelekwa Johannesburg kwa mkataba, akarudi na blanketi, sanduku la bati na mabaki ya mshahara. Wakati huohuo askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walikuwa wanarejea kutoka Burma, nao wakiwa wamesikia banjo, mandolini na akodiani kwenye vikundi vya burudani vya jeshi. Mwanamuziki Fundi Konde wa Kenya alipitia huko. Kwa vijana wa Nyanda za Juu, basi, miaka kumi kuanzia 1940 ilifungua milango miwili kwa mpigo, wa mgodini na wa vitani.

Pwani nako lilikuwepo banjo, lakini la aina nyingine kabisa. Mwaka 1912 huko Nagoya, Japani, Morita Goro alitengeneza ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta. Wafanyabiashara waliifikisha Bombay, ambako Wahindi waliiita banjo, na kwa njia ya Bahari ya Hindi ikaingia kwenye taarabu ya Mombasa kwa jina la taishokoto. Anayemsikiliza Zuhura Swaleh anaisikia ikilia nyuma ya sauti yake. Pwani ilipewa banjo na Japani kupitia Bombay. Milima ya kusini ilipewa na Marekani kupitia Kimberley. Ukitaka kuona jinsi nchi moja inavyoweza kuwa na historia mbili za muziki, sijui mfano ulio bora kuliko huu.

Mtengenezaji: Eric Gallo, 1926–1952

Sasa tumfikie mwenye kiwanda. Eric Gallo alizaliwa mwaka 1905 katika familia yenye asili ya Italia, na mwaka 1926 akafungua duka la gramafoni na santuri Johannesburg, lililoitwa Brunswick Gramophone House. Aling'amua mapema jambo ambalo wengine walilidharau: vibarua weusi wana pesa na wanataka kusikia lugha zao. Mwaka 1930 alimpeleka London mwimbaji Griffiths Motsieloa kurekodi. Safari hizo zilikuwa ghali, kwa hiyo mwaka 1932 akajenga studio yake mwenyewe Johannesburg, na kwa kusini mwa Sahara hiyo ilikuwa ya kwanza ya namna yake.

Katika studio hiyo, mwaka 1939, Solomon Linda na Original Evening Birds waliimba "Mbube". Linda alilipwa shilingi 10. Santuri iliuzwa nakala karibu 100,000 katika muongo ule, na Linda mwenyewe akaja kuwa mfungaji wa santuri katika kiwanda cha kampuni hiyohiyo. Kisha mambo yakachukua mkondo ambao mtunzi wa riwaya angeona aibu kuubuni. Boksi la santuri za Gallo lilitumwa New York, mtafiti Alan Lomax akaliokoa lisitupwe, akampa rafiki yake Pete Seeger. Seeger alikuwa mpiga banjo. Wakati huo alikuwa ameirefusha shingo ya banjo lake kwa nafasi tatu ili aweze kuimba chini zaidi, na mtindo huo kampuni ya Vega ya Boston, iliyoanzishwa na ndugu wawili wenye asili ya Uswidi, ukaja kuutengeneza na kuuuza kwa jina lake. Seeger na kundi lake la Weavers walitoa wimbo wa Linda kwa jina la "Wimoweh", na mwaka 1961 kundi la Tokens likautoa tena ukazunguka dunia.

Linda alifariki mwaka 1962, maskini. Seeger alieleza kwamba alimtumia dola 1,000 alipotambua mtunzi ni nani. Kwa wimbo uliokuwa umevuna kiasi kile, hizo zilikuwa heshima tu. Binti zake walifikia mapatano na wenye haki za wimbo mwaka 2006. Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaonyesha aina ya fundi tunayemzungumzia. Gallo hakuwa mwovu wa hadithi. Alikuwa mfanyabiashara aliyejua kila kiungo cha mnyororo kinapitia wapi: mwimbaji, studio, santuri, gramafoni, na chombo ambacho msikilizaji angekitaka baada ya kusikia santuri.

Dhamana ya kutopasuka: miaka ya 1950

Ni kwa hesabu hiyo Gallo waliingia kwenye magitaa. Yalitengenezwa Durban, mji wa bandari wenye mbao na mafundi, yakapewa jina la lebo ya santuri za kampuni: Gallotone. Lile la Champion lilikuwa dogo kuliko gitaa la kawaida, la nyuzi za chuma, mwili wa plaiwudi. Ndani yake, ukichungulia kupitia tundu la sauti, kulikuwa na karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka.

Dhamana hiyo inamchekesha mtu wa Ulaya, kwa maana gitaa zuri huko ni la mbao nzima na hakuna anayejisifia plaiwudi. Milimani kwetu haichekeshi hata kidogo. Mbeya ina ukungu na mvua kutoka Novemba hadi Aprili au Mei, kisha miezi ya baridi kavu inayopasua midomo na mbao sawia. Ubao mwembamba wa kipande kimoja hunyonya maji masika, husinyaa kiangazi, na siku moja hupasuka kwa kufuata nyuzinyuzi za mti. Plaiwudi ni matabaka yaliyogundishwa kwa kupishanisha mwelekeo wa nyuzinyuzi, hivyo tabaka moja linapotaka kuvutika lingine hulizuia. Sauti yake ni kavu na fupi. Kwa mtu anayepiga nje, kwenye kilabu cha pombe, penye makelele, sauti kavu na fupi ndiyo anayoitaka.

Banjo lilishindwa hapo. Ngozi yake ya ndama, kama ya ngoma yoyote, hulegea kwenye unyevu. Mpiga ngoma huiotesha moto ngoma yake dakika chache akaendelea. Mwenye banjo anatakiwa aikaze kulabu moja moja, zaidi ya ishirini, na akizidisha ngozi inachanika. Vifuniko vya plastiki vilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kufikia wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuhama. Gitaa la Durban liliweza kubebwa mgongoni kutoka Johannesburg hadi Tukuyu na kufika likiwa gitaa.

Mfano mashuhuri kuliko yote wa chombo hiki haukupanda kaskazini. Ulivuka bahari. John Lennon wa Liverpool alikuwa na Gallotone Champion tarehe 6 Julai 1957, siku kikundi chake cha vijana kilipopiga kwenye sherehe ya kanisa la Woolton na akakutanishwa na Paul McCartney. Kuhusu nani alilinunua, mama yake Julia kwa posta au shangazi yake Mimi dukani, ndugu wenyewe hawakukubaliana. Kilicho wazi ni namna alivyolipiga. Julia alijua banjo, akamfundisha mwanawe vidole vya banjo, kwa hiyo kijana alilitega gitaa la nyuzi sita kama banjo la nyuzi nne, hadi McCartney alipomwonyesha mtego wa gitaa. Katika kikundi hichohicho Rod Davis alikuwa na banjo. Gitaa lile liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 150,000. Banjo la Julia lilipotea na halijapatikana.

Kuhama kutoka banjo kwenda gitaa, basi, hakukuwa jambo la Afrika peke yake. Liverpool na Luanshya zilihama katika miaka ileile, na kwa kiasi fulani kwa chombo kilekile.

Sauti kwa Kiswahili: 1949–1960

Chombo bila mwalimu hakifiki mbali, na mwalimu wa gitaa kwa vijana wa kusini alikuwa redio. Kituo cha Lusaka, kilichoanzishwa wakati wa vita na Harry Franklin, kiliwahutubia Waafrika kwa lugha zao. Shida ilikuwa bei ya redio. Mwaka 1949 ilipatikana redio ya betri yenye umbo la duara iliyopewa jina la sufuria, kwa sababu kasha lake lilitokana na ganda la sufuria la kiwandani. Iliuzwa pauni 5. Alick Nkhata, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeajiriwa na kituo hicho, akawa sauti inayojulikana nchi nzima. Nkhata aliuawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia huko Mkushi. Mawimbi mafupi hayajui mpaka, na Tunduma haikuwa mbali. Upande wetu, utangazaji wa Dar es Salaam ulianza 1951 ukiwa mdogo, ukakua taratibu.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi kwa msaada wa kampuni ya Gallo, alipita Tanganyika mwaka 1950. Miongoni mwa aliyoyanasa ni ligombo la Wahehe. Alikuwa mtu wa kupenda ya zamani, na magitaa ya mjini yalimtia wasiwasi kuliko furaha. Hata hivyo masikio yake yalimshinda. Mwaka 1952, Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi leo, alimkuta kijana wa umri wa kama miaka 22 akipiga gitaa: Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikafuma juu yake, na kutoka vidole viwili hivyo zikasikika sauti tatu zinazojibizana. Wimbo wake "Masanga" ulipewa tuzo ya mwaka huo ya muziki wa Kiafrika iliyosimamiwa na Tracey na wenzake.

Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Santuri zake zilitolewa kwa lebo ya Gallotone. Hapo ndipo mambo yalipokutana: neno lilelile lilikuwa kwenye santuri na kwenye gitaa, na wimbo ulikuwa katika lugha ambayo kijana wa Mbeya hakuhitaji kutafsiriwa. Kiswahili chenye harufu ya migodi, si cha Zanzibar. Kuelekea mwisho wa muongo Bosco alikuwa Nairobi, akirekodi hata matangazo ya dawa ya Aspro, na mpiga gitaa mwenzake Edouard Massengo naye alivuma huko. Mtindo wa vidole viwili ukasambaa Kenya na Uganda ukitokea magharibi na kusini. Mwaka 1969 Bosco alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, ambalo Pete Seeger alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari Zambia.

Mpaka unafungwa: 1961–1976

Uhuru ulikata ile njia. Serikali ya Tanganyika haikuweza kuendelea kuwauzia makaburu wanaume wake, na makubaliano na Wenela yakavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Malawi iliendelea hadi 1974, ndege iliyobeba vibarua wake ilipoanguka Francistown. Uamuzi wa Tanganyika ulikuwa wa haki. Kwa wapiga gitaa wa Rungwe ulimaanisha pia kwamba duka lao limefungwa.

Muziki ukabadili mmiliki. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na baada yake majeshi, mashirika na viwanda vikawa na bendi. Iringa ilipata ya kwake katika miaka ya 1980, Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyokuwa na ndugu mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mfumo huo uliwapa wanamuziki mshahara, sare na vyombo vya umeme, na nyimbo zake nyingi bado zinasikilizwa. Ila gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu, tofauti kabisa na kibarua wa Wenela aliyerudi nyumbani na gitaa lake begani. Sijaona wasifu mwingi wa bendi zetu unaolizingatia hilo, ingawa linaeleza kwa nini wanamuziki walihamahama kwa kundi na kwa nini waliobaki vijijini walinyamaza.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Ilipita Mbeya ikiifungua njia ya zamani upya, lakini kwa kuigeuza: lengo lake lilikuwa kuitoa shaba ya Zambia bila kupitia kusini.

Waya wa breki: tangu 1978

Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilimaliza bidhaa madukani. Uzi wa gitaa ukawa adimu kama sabuni. Hapo ndipo fundi wa tatu wa hadithi hii anapoingia, naye hana kampuni. Kopo la mafuta la lita tano linatobolewa, mti unapitishwa kuwa shingo, nyaya zinachambuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja mmoja, zikakazwa kwa vijiti au misumari iliyopindwa. Mshipi wa kuvulia samaki hutumika pia, na sauti yake huwa laini zaidi. Bati likichoka, ngozi ya mbuzi huwambwa juu ya kopo lililokatwa. Akishafanya hivyo, fundi huyo amerudi kwenye muundo wa Boucher, na nyuma yake, kwenye kibuyu cha Senegambia, bila kumsikia hata mmoja wao.

Malawi, ambako magitaa na mabanjo ya namna hiyo hayakuwahi kukatika, ndiyo iliyouvusha ufundi huo hadi majukwaa makubwa. Madalitso Band, watu wawili waliokuwa wakipiga barabarani Lilongwe kwa gitaa la nyuzi nne na babatoni ndefu ya uzi mmoja, wamezunguka Ulaya kwa ala hizo. Gasper Nali, naye wa Malawi, anapiga babatoni na kuigonga ngoma kwa mguu, peke yake.

Upande huu wa mpaka gitaa la kopo limebaki kuwa la watoto na la wazee wachache, na nguvu ya muziki wa Mbeya imehamia kwenye kwaya na injili, kwa vinanda vya umeme na magitaa yaliyotengenezwa China. Hayo hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupanda kwa barabara kupitia Morogoro, Iringa na Makambako. Yanayobaki Mbeya huuzwa. Mengine hupita Iyunga kwenye malori yaleyale ya Tunduma, kwenda kutafuta wanunuzi Lusaka, Kitwe na Lubumbashi.